Mgonjwa Haulizwi Uji

Kazi yangu ni kuuliza watu. Ndivyo ninavyojibu nikiulizwa nafanya nini, maana jina lenyewe la cheo changu ni refu na linachosha. Shirika letu linawasaidia wakimbizi wa Kipalestina waliomo makambini nchini Lebanoni, na mimi, nikiwa ofisini Stockholm, nahakikisha kwamba jambo lao haliamuliwi bila wao kuulizwa. Wakilalamika, wajibiwe. Tukikosea, tukiri kwao kwamba tumekosea. Niliipenda kazi hii kama mtu anavyoipenda dini aliyoingia ukubwani, na wenzangu ofisini walikwisha kunichoka.

Nilikuwa na sababu. Nimekulia kambini mimi, huko Kigoma, tulikokimbilia kutoka Burundi. Asubuhi moja walikuja watu wenye fulana za aina moja wakatuambia kambi inafungwa, tupande malori turudishwe Burundi. Mama alikuwa na maharage yaliyoanza kutoa maua. Mama yangu, mwanamke ambaye hata mchungaji aliuogopa mdomo wake, alipanda lori bila kusema neno. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hakuna aliyeona ajabu kwamba hakuulizwa. Nilikuwa mdogo, lakini hasira ya siku ile imenisomesha hadi chuo kikuu.

Sasa naishi Rissne, kitongoji cha Stockholm. Katika majengo yetu watu hawatembeleani hovyo. Ukitaka kumjua jirani yako, umngoje kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo, ambako kila mtu ana zamu yake na ole wako ukipitisha muda hata kidogo. Zamu yangu ilifuatana na ya jirani yangu wa mlango wa pili, Mpalestina, dereva wa basi aliyestaafu. Nikishuka na kapu langu namkuta bado anakunja mashuka, pembe kwa pembe, kama anayeogopa kukaguliwa. Tuliongea Kiswidi, kila mmoja na lafudhi yake, na tulitaniana sana. Alisema Warundi hawajui kukunja nguo, nami nilimwambia Wapalestina hawajui kumaliza zamu.

Mama yake alikuwa bado kambini Lebanoni, na figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na aliyelipa ni shirika letu. Jirani alikwisha kuomba amlete Uswidi, akanyimwa. Hospitali za kulipia asingeziweza hata kama angeacha kula. Kwa hiyo uhai wa mama yake ulikuwa mikononi mwa ofisi yangu, na sote wawili tulilijua hilo, ingawa tulipenda zaidi kuongea habari za mashuka.

Kisha wafadhili wakakaza mkono. Sitaeleza siasa zake; kila mtu amesikia jinsi misaada inavyokatwa siku hizi, na jinsi Wapalestina wanavyokuwa wa kwanza kukatwa. Fedha zilizobaki hazikutosha kuwasafisha wagonjwa wote. Madaktari walisema wazi: tukimpunguzia kila mtu, tutawaumiza wote. Ilibidi baadhi waondoke ili waliobaki wapate matibabu kamili. Swali lilikuwa nani, na nani wa kuamua.

Katika mkutano wa ofisi yetu walitaka kuwaachia madaktari waamue kimyakimya, halafu wagonjwa wapigiwe simu. Nikapandwa na hasira zangu za malori. Nilisema watu hawa si mizigo. Nilisema waitwe, waelezwe ukweli wote, wao wenyewe waseme ni njia gani wanayoiona ya haki. Mkuu wangu, mama wa Kiswidi mpole ambaye hata akikasirika sauti yake haipandi, akasema niko sahihi.

Nilipomwambia jirani kwamba kutakuwa na kikao, uso wake ulichanua.

"Nani atakiendesha?"

"Mimi, kwa njia ya video. Mwenzetu aliyeko kambini atatafsiri."

"Basi namwambia mama aende," alisema. "Nitamwambia aseme bila woga, kwamba huyo ni jirani yangu, ni mtu mzuri."

Ningemkataza? Nilifikiri bibi huyo atakwenda kudai haki yake, na nilifurahi kwamba atasikika.

Siku ya kikao kulikuwa na mvua ya theluji, ile ya kuloanisha tu. Tulikaa mimi na mkuu wangu mbele ya skrini, na upande wa pili tukaona ukumbi mdogo, viti vya plastiki, na watu wenye nyuso za rangi ya majivu waliokaa wima kwa heshima. Mfanyakazi mwenzetu, msichana aliyezaliwa kambini humo humo, alikuwa akitafsiri. Kabla sijamaliza salamu, bibi mmoja mwenye mtandio mweupe aliinua mkono akauliza ni nani kati yetu jirani wa mwanawe. Nikapunga mkono. Alicheka kwa furaha, akaniombea dua ndefu ambayo msichana aliifupisha kwa kusema, "Anakubariki wewe na watoto wako."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa lugha nyepesi, bila kuficha, kama ninavyowafundisha wengine. Nilipomaliza, nikauliza: ninyi mnaona haki ni ipi?

Yule bibi aliinua mkono tena. Aligeuka akamtazama mwanamke kijana aliyekaa nyuma na mtoto mapajani, akamuuliza ana watoto wangapi. Kisha akanigeukia mimi, akasema maneno machache. Msichana hakutafsiri. Nilimngoja. Hatimaye alisema, "Anasema amekula chumvi nyingi, au kitu kama hicho. Anasema nafasi yake apewe yule."

Nilisema haraka kwamba hakuna haja ya kuamua leo, aende akafikiri, azungumze na familia. Bibi akapunga mkono kama anayemfukuza nzi. Ameshasema, alisema. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna mafunzo yaliyonionya. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinama, akasema naye anatoa. Kisha mwingine. Walitoa huku wakitazama sakafu, kwa sababu bibi alikwisha kutoa mbele yao, na mwanamume mzima angebakije kitini? Sijui kama walitaka. Najua tu kwamba kila mzee aliyekuwa ukumbini alijikuta ameulizwa swali ambalo, kwa mila yao na hata kwa mila zetu, lina jibu moja tu.

Kikao kilikwisha kabla ya muda. Mkuu wangu alikuwa anafuta machozi. "Vackert," alisema, yaani ni jambo zuri mno, kisha akaniacha peke yangu mle chumbani.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilikwenda kitongoji cha Hjulsta kwa mama yangu nikamweleza yote. Alikuwa akichambua mboga. Hakuacha kuchambua.

"Weye mwanangu," alisema, "kwani mgonjwa anaulizwaga uji? Unampikia, unamnywesha. Ukimuuliza atakwambia ameshiba."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia uji haukuwapo, ndiyo shida yenyewe, sufuria ilikuwa nusu, na mtu akikosa chakula ana haki ya kujua kwa nini. Nikamkumbusha malori. Mama alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Wale wa malori niliwalaani," alisema, "nikapona. Hawa wa kwako watamlaani nani?" Nikaondoka bila kula.

Jirani alikwisha kupata habari. Nilipoingia chumba cha kufulia hakuwa anakunja kitu. Alikuwa amesimama mbele ya mashine inayozunguka, ameiegemea kwa mikono yote miwili.

"Ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Ukamwacha."

Nilimwambia nitajaribu kulirudisha jambo hilo, na nilijaribu. Nilikwenda kwa mkuu wangu. Nilisema wale wazee walitoa kwa aibu, si kwa hiari, uamuzi ule si halali. Alinisikiliza hadi mwisho, huyo mama hajawahi kumkatiza mtu. Kisha akaniambia, kwa upole ambao ningetamani kuutupia kikombe, kwamba hatuwezi kuwauliza watu halafu tukatae jibu lao kwa sababu halikutupendeza. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe; ndiyo niliyokuwa nikiyahubiri kwa miaka.

Nikamwomba msichana wa kambini aende nyumbani kwa bibi, amwambie mlango bado u wazi. Alikwenda. Bibi alimkaribisha chai na kumsikiliza, kisha akamuuliza: "Mnataka nirudi, nimwondoe yule mama kwenye kiti mbele ya mtoto wake?" Jirani naye alimpigia simu akimsihi, akimlilia, kuta za jengo letu ni nyembamba, nilimsikia. Sikujua maneno lakini nilijua anachosema. Bibi alikuwa amenena mbele za watu. Kwa watu walionyang'anywa kila kitu, nadhani neno ulilolisema mbele za watu ni mali, na hakuwa tayari kupokonywa na hilo.

Wakati huo huo mfadhili aliandika kutusifu. Kikao chetu, alisema, ni mfano wa kuigwa wa jamii kushiriki katika maamuzi magumu, na je, ningekubali kuja kuwaeleza wengine tulivyofanya? Ofisini walinunua keki, ile ya kijani iliyofunikwa marzipani, yaani lozi na sukari, tukaila wakati wa kahawa. Nilikula kipande changu chote. Mtu huchukiwa na nafsi yake mwenyewe akiwa na krimu mdomoni, na bado anasema asante, tamu sana.

Kuna watu watakaosoma hapa na kusema, sasa wewe ulitaka nini? Nami sijui. Kama madaktari wangeamua kimyakimya, bibi yule huenda angeondolewa vilevile, kwa kuwa ni mzee, na angekufa akiwa na mtu wa kumkasirikia. Tofauti niliyoileta mimi ni hiyo tu. Nimegeuza jambo hili kila upande na kila upande nimekuta kitu kile kile, kwamba sufuria ilikuwa nusu, na kwamba aliyeipunguza hakuhudhuria kikao wala hakuulizwa chochote.

Bibi alikufa kabla majira ya kuchipua hayajafika. Jirani hakupata njia ya kwenda kumzika. Alifungua mlango wake siku tatu, kama desturi yao, na watu wakaja kutoka Spånga na kwingineko kumpa pole. Siku ya kwanza sikuthubutu. Ya pili nilifika hadi mlangoni nikarudi. Siku ya tatu nikaingia, kichwa nimekifunga kitambaa cheusi, nikiwa tayari kufukuzwa. Nilitaka kufukuzwa, ukweli ndio huo.

Sebule ilikuwa imejaa wazee kwenye viti vilivyozunguka kuta. Jirani aliponiona alisimama. Alikuwa amekonda. Alinipa kikombe kidogo cha kahawa chungu isiyo na sukari, akaniketisha, kisha akawaambia wageni jambo kwa Kiarabu, kisha akayarudia kwa Kiswidi ili nami nielewe.

"Nimewaambia wewe ni nani," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mama aliniambia kwamba tangu alipobebwa mgongoni, mtoto mdogo, kutoka kwao Palestina hadi uzee wake, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anataka nini. Wewe ulimuuliza."

Wazee wakaanza kuinuka. Mmoja baada ya mwingine waliweka mkono kifuani, wakaniinamia na kunishukuru, huku nimeshika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike. Wa mwisho alikuwa mkongwe kupita wote, na Kiswidi chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Mungu akulipe," aliniambia, "sawasawa na ulivyomtendea."

Nikasema amina.