Mto Ulioingia Shambani kwa Bi Asumini

Ipo siku naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu asubuhi nilijidai, na ilipofika adhuhuri sikuwa na pa kuficha uso.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikawalea wadogo zangu hapa Nachingwea. Kompyuta nilijifunzia kwenye duka la kuchapa barua, hadi nikaajiriwa kuandika programu katika ofisi ya kupima mashamba. Programu yangu ilikuwa inachukua ramani kutoka kompyuta kuu, yaani seva, na kuzileta kwenye kompyuta zetu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwa kila ramani unaifungulia seva kipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta yako, inaandika humo, kisha unakifunga ndipo ukitumie kwa kazi nyingine. Kufungua na kufunga huko kunakula muda. Ya pili, unaiachia seva kumbukumbu yote wazi, siku zote. Nikachagua ya pili. Ramani zikaja upesi, na asubuhi ya siku ile nikasifiwa, nikajidai.

Siku hiyo alikuja Bi Asumini, mkulima wa korosho wa Mtua. Mchana uleule baraza lilikuwa linamsubiri, jirani amedai kwamba mikorosho ya Bi Asumini ni mali yake. Akaikunjua ramani ya shamba lake tuliyomchapia, akaniangalia.

"Mwanangu, mto huu umeingia lini shambani kwangu?"

Ulikuwa mto wa shamba la Mbwemkuru, kule Ruangwa. Ramani ya huko ilichelewa, programu ikaacha kuisubiri, na kipande cha kumbukumbu kilichokuwa cha ramani hiyo ikakipa ramani ya Mtua. Seva ikafika baadaye na ramani ya Ruangwa, ikaiandika palepale, juu ya ile ya Mtua. Nani angeizuia?

Mdogo wangu Shaibu, niliyemsomesha mwenyewe, alikuwa fundi palepale. Akasema mbele ya watu wote, "Dada, sisi ulitugombeza tukienda kisimani bila kufunga mlango. Wewe umeacha nyumba nzima wazi!"

Bi Asumini akacheka. Mimi nikaona aibu, na chini ya aibu hiyo nikajivuna: huyu nimemlea mimi.

Nikairudisha njia ya kwanza. Ramani ikaja polepole, haina mto, na Bi Asumini akawahi baraza. Mikorosho ni yake hadi leo. Mkuu wetu aliponung'unika kwamba tumekuwa wazito, nilimjibu, "Ndiyo, wazito."

Mwanangu, anayekuletea kitu mpe nafasi inayotosha kitu hicho tu. Ukishapokea, au ukichoka kusubiri, funga kwanza ndipo umpe mwingine nafasi hiyo. Ukiulizwa mbona unachelewa, usione haya. Mungu akupe mkono usio na papara, na ndugu wa kukukosoa hadharani ukazidi kumpenda.