Moshi Juu ya Jiko Lisilo na Mtu

Nilipoletwa Kitale nilikuwa na miaka saba, sweta moja, na picha ya mama. Katika picha hiyo mama amesimama mlangoni pa jiko letu la nyasi, amevaa gauni la kitenge lenye ndege wa bluu, mkono kiunoni, kama mtu anayemwambia mpiga picha aharakishe, ugali unaungua. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama tulimzika kando yake, nyuma ya jiko, halafu watu wa kanisa wakanipeleka kwenye nyumba ya watoto pale mtaa wa Matisi.

Mlezi wetu pale, ambaye sote tulimwita Mama Mlezi, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jioni moja aliniita, akaniweka mapajani.

"Umepata mfadhili," akasema.

"Ni nani huyo?"

"Ni mtu yuko mbali, mbali sana. Wewe huwezi kumwona, lakini yeye anajua habari zako na anakupenda. Atakuwa akituma kila kitu unachohitaji."

Mtoto aliyetoka kumzika mama yake juzi, ukimwambia kuna mtu mbali sana, haonekani, lakini anamjua na anampenda, unadhani atamfikiria nani?

Sikumwambia mtu yeyote. Viatu vya shule vilipokuja, nilivinusa kwanza kabla ya kuvivaa. Vilinuka mpira na gundi, lakini nilijiambia huko aliko labda kila kitu kinanuka hivyo. Nilikula vizuri, nikalala kwa blanketi zito, nikapelekwa hospitali nilipougua kifua. Mvua ikipiga mabati usiku, wenzangu walikuwa wakiogopa. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu nilijua kitu wasichokijua.

Nyumba yetu ya Matisi ilikuwa na desturi moja. Kila Desemba, mtoto mwenye ukoo alipelekwa kwao kusalimia, asije akasahau alikotoka. Kwetu ni upande wa Bungoma, mbele kidogo ya soko la Chwele. Mwaka wa kwanza Mama Mlezi alinipeleka mwenyewe. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa akiishi ng'ambo ya shamba la mahindi. Alitupa chai, akatuambia kwa haraka kwamba kule kwa marehemu hakuna mtu anayekwenda. Mlango umefungwa kwa kamba, basi.

Niliomba nione makaburi. Tukafuata njia ya katikati ya mahindi, mabua makavu yakisemasema. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, mchana mweupe kabisa. Tulipotokea upande wa pili, Mama Mlezi alinishika bega.

Jiko letu lilikuwa likitoa moshi.

Jiko la nyasi halina bomba. Moshi hupenya kwenye paa lote, polepole, kama jiko lenyewe linapumua. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado mibichi. Mlangoni kamba ilikuwa imefungwa kama baba mdogo alivyosema. Mama Mlezi aliita hodi, akaita tena. Kimya. Hata kuku hakulia.

"Tumeona makaburi," akasema. Mwanamke yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa alisema hivyo kwa kunong'ona. "Twende."

Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimebeba majani ya chai na sukari kwenye karatasi, zawadi ya kumpelekea baba mdogo, nikasahau kuitoa. Nikaiweka kwenye kizingiti. Mama alipenda chai tamu.

Desemba iliyofuata moshi ulikuwepo tena, na sukari haikuwepo. Kizingitini kulikuwa na kibuyu kidogo chenye njugu za kukaanga. Nilirudi nacho Kitale nikikikumbatia kama mtoto. Wenzangu waliposikia nilikokitoa, bweni zima lilikimbia.

"Ati unakula? Hiyo ni chakula ya wafu, bana!"

"Ina chumvi kidogo tu," nikawajibu huku natafuna.

Walikaa wakinitazama mpaka taa ikazimwa, wakingoja nife. Asubuhi walipoona naomba uji wa pili, wengine walikasirika.

Ikawa hivyo kila mwaka. Mimi naacha sukari na majani, nakuta njugu. Wakati mwingine ndizi mbivu. Hatukuwahi kuonana. Kwa kichwa changu mambo yalikuwa wazi: mama ananilipia shule kutoka huko aliko, na Desemba anarudi kuwasha moto ili nijue.

Nilipokuwa darasa la nane, Mama Mlezi aliniita ofisini, akaniweka mbele ya simu yake. "Mfadhili wako anataka kukuona uso."

Nikajifuta uso kwa mkono wa sweta, mama asinione mchafu. Kwenye kioo akatokea bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe kama pamba, na paka amelala begani mwake. Akanipungia mkono. Alikuwa akicheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja. Mama Mlezi akanitafsiria: anauliza unataka kuwa nani. Nikasema fundi wa nguo. Bibi akapiga makofi mpaka paka akaruka.

Nilicheka naye, kwa kweli alikuwa mtu wa kupendeka. Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia sana. Aliyeninunulia viatu alikuwa mtu, anafuga paka. Sawa. Na anayewasha moto je?

Kuanzia siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa.

Bibi yule hakuniacha. Nilipomaliza shule alinilipia kozi ya ushonaji pale pale Kitale, miaka miwili. Kwa mtihani wa mwisho tuliambiwa kila mtu ashone nguo anayoitaka. Nilizunguka maduka yote ya vitambaa nikitafuta ndege wa bluu. Nikawapata. Nikashona gauni la mama kutoka kwenye ile picha, pindo kwa pindo, mpaka mikono iliyovimba begani. Siku ya kuhitimu nililivaa, na bibi akanitumia cherehani. Mama Mlezi aliniambia, sasa wewe ni mtu wa kujitegemea, lakini kitanda chako kipo mpaka upate pako.

Wiki hiyo hiyo baba mdogo akanipigia simu. Msimu huu, alisema, analima uwanja wote wa marehemu, na lile jiko analibomoa. Boma ambalo moto umezimika si boma tena, ni shamba. Kwetu ndivyo watu wanavyohesabu.

"Lakini kuna moshi, baba mdogo."

"Moshi ya nani?"

"Si ungeniambia wewe unayekaa karibu?"

"Mimi huko siendi. Alhamisi nakuja na ng'ombe na watu. Na wewe ni msichana, utaolewa, unataka boma ya nini?"

Nilikaa kitandani nikifikiria. Nikibaki Matisi, Ijumaa sitakuwa na kwetu tena. Nitakuwa mtu aliyelelewa vizuri, aliyesomeshwa, mwenye cherehani, asiye na mahali pa kuiweka. Na nikienda, nitalazimika kufungua ule mlango.

Alhamisi nilifika Chwele na cherehani yangu nyuma ya pikapu la kabeji. Nilivaa gauni la ndege kwa sababu nilitaka mama anitambue. Ndiyo, nilifikiria hivyo, na umri wangu wote. Kutoka sokoni nikapakia cherehani kwenye bodaboda. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Elgon, mahindi yakawa kama watu waliosimama. Tulipokaribia, kijana wa boda akazima injini.

"Dada, nakuachia hapa."

"Si tulisema mpaka mlangoni?"

"Hapo kuna moshi na hakuna mtu. Mimi naogopa, niko na watoto, bana."

Akaishusha cherehani kwenye nyasi kwa heshima kubwa, akageuza, akapotea. Nikabaki mimi na ule moshi. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Nikatembea pembeni ili nisiharibu mistari. Safari hii kamba haikuwa mlangoni, ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Na ndani kulikuwa na sauti ya mwanamke, akiongea polepole kama mtu anayeongea na jirani.

"Msichana wako bado hajarudi," ilisema ile sauti. "Lakini moto upo. Njugu nimeleta. Usinisumbue tena kwa ndoto, mgongo unaniuma."

Nilisukuma mlango.

Mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele ya mafiga. Aligeuka. Alinitazama kuanzia kwenye pindo la gauni, akapanda mpaka usoni, na kibuyu kikamtoka mkononi, njugu zikatawanyika majivuni.

"Uwii! Umekuja mwenyewe!"

"Kukhu..." Kwetu bibi tunamwita hivyo.

"Si nimefanya vile ulisema? Moto nimekosa kuwasha lini? Sukari nilikunywa, ndiyo, nakubali! Lakini si nilikurudishia njugu?"

"Ile sukari ilikuwa yangu, kukhu."

"Najua ni yako! Ndiyo maana naomba msamaha!"

"Hapana, sikiliza. Mimi si mama. Mimi ni mtoto wake, nimetoka Kitale."

Aliacha kupiga kelele, lakini hakuniamini. Alinyoosha vidole vyake vyeusi vya masizi.

"Leta mkono."

Nikampa. Aliushika, akaubonyeza, akaushika kwa viganja viwili kama anayepima unga.

"Una joto," akasema. "Ni mkono wa mtu." Halafu akaupiga kofi mkono ule ule. "Mjinga wewe! Miaka yote nakunywa chai nikitetemeka, kumbe ni mtoto!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Mimi nilidhani njugu zinatoka kwa mama. Yeye alidhani sukari inatoka kwa mama. Tumelishana miaka yote, kila mmoja akiogopa kutomshukuru marehemu.

Aliniambia kwamba yeye na mama waliolewa upande huu mwaka mmoja, ingawa mama alikuwa msichana na yeye tayari ni mtu mzima anayeolewa mara ya pili. Mama alipokuwa akiugua, alimwomba kitu kimoja: jiko lisipoe mpaka mtoto arudi. Moshi ukikosa, mchwa hula paa. Na mchwa wakila paa, shemeji hula uwanja. Kwa hiyo kila siku ya soko, akienda Chwele kuuza njugu, alipita kwa nyuma, kwenye migomba, ili baba mdogo asimwone. Akisikia watu wanakuja alitoroka kwa pale pale nyuma, kwenye uwazi wa ukuta. Aliponieleza hayo niliona aibu kidogo kwa hofu yangu yote.

"Na kufagia," nikasema. "Asante hata kwa kufagia uwanja."

Akanitazama.

"Mgongo huu? Mimi siwezi kuinama kufagia hata kwangu. Nilidhani ni wewe."

Hatukucheka tena. Tulikaa tukiutazama moto.

Hapo ndipo tukasikia mnyororo wa plau. Baba mdogo alikuwa ametokea kwenye mahindi na ng'ombe wawili na vijana wa kulima. Nikasimama mlangoni, nikaweka mkono kiunoni bila kufikiria. Moshi ulikuwa ukishuka kwenye paa na kunizunguka. Nikamwona baba mdogo akisimama ghafla. Fimbo ikamwanguka. Akavua kofia.

"Mulembe, shemeji," akanisalimia, kwa sauti ndogo sana.

Ningeweza kumwacha hivyo. Kukhu, nyuma yangu, alinifinya nimwache hivyo. Lakini moyo ulinikataa.

"Ni mimi, baba mdogo. Nimerudi."

Alichukua muda kuvaa kofia yake.

"Umerudi kutembea, ama umerudi kukaa?"

"Kukaa. Cherehani yangu iko pale njiani, nisaidie kubeba."

Alitazama gauni, akatazama moshi, akatazama mistari ya ufagio ambayo hakuna aliyeikanyaga. Kisha akageuza ng'ombe. "Nitalima shamba ile ya chini tu," akawaambia vijana, kama kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Cherehani aliibeba yeye mwenyewe mpaka kizingitini. Ndani hakuingia.

Sasa nakaa hapo. Siku tatu kwa wiki nashona kwenye kibanda huko Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma, siku nyingine nashona hapa barazani, kukhu akimenya njugu na kunikosoa. Bibi wa paka tunasalimiana kwa simu. Nilimwambia habari ya moto, akalia tena. Uwanja nafagia mimi. Asubuhi nyingine nakuta umeshafagiwa, basi naweka chai nje na kuendelea na kazi.

Kila Januari nashona sare ya msichana mmoja wa Matisi, mdogo, ameletwa mwaka juzi. Nilimwomba Mama Mlezi asimwambie ni nani, nilidhani ni vizuri zaidi hivyo. Juzi Mama Mlezi akanipigia. Akasema yule mtoto hunusa sare kabla ya kuivaa, na kwamba usiku huacha kipande cha mkate dirishani.

Sikuweza kushona tena siku hiyo. Jumamosi naenda Kitale. Nitafika mchana, nimevaa sketi yangu ya kawaida, si lile gauni. Nitamwambia ni mimi, nitamwacha akasirike na alie nyuma ya tangi kama anataka. Lakini kwanza nitampa mkono aushike, aubonyeze vizuri, mpaka aone una joto.