Nani Kachoka?

Nina sauti. Nalisema hilo mapema ili wenye wivu waondoke sasa hivi. Si sauti ya kwaya wala ya redioni. Ni sauti ya barabarani, ya kumwamsha mtu aliyelala chumba cha uani akiwa amefunga madirisha na kuwasha feni. Kila Jumapili alfajiri klabu yetu ya mchakamchaka, hapa Tabata, hukusanyika kwenye kiwanja cha shule. Wamo wenye vitambi na wasio na vitambi, waliotumwa na daktari na waliotumwa na wake zao. Tunajipanga mistari, tunavaa fulana za rangi moja, tunaingia barabarani tukiimba.

Nyimbo hizo haziimbiki bila mtu wa kuzianzisha. Huyo anakimbia pembeni ya safu, anapaza sauti, na safu inaitikia. Tunamwita mwimbishaji. Kwa miaka mingi mwimbishaji wa Tabata nilikuwa mimi, na cheo hicho nilikipenda kuliko duka langu la vifaa vya ujenzi.

Sheria yake ni moja tu. Wimbo hauombwi wala haupigiwi kura. Mwimbishaji akikatika pumzi njiani, aliye karibu anaudaka, na tangu hapo ni wake mpaka naye akatike. Sikuwahi kuogopa sheria hiyo, maana sikuwahi kukatika.

Sasa, nilikuwa navuta sigara. Jirani na duka langu kuna kibanda ambacho kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa kamba, na sigara, au fegi kama tunavyoziita mtaani, zinauzwa mojamoja. Nilikuwa nakwenda pale bila kujua kwamba nakwenda. Mteja akinikera, nilikwenda. Mteja akinifurahisha, nilikwenda pia. Nikinywa kahawa kijiweni ndiyo kabisa, kahawa na sigara vilikuwa chanda na pete. Nyumbani mabinti zangu mapacha walikuwa wakipokea koti langu mlangoni, wakilitundika kwenye kamba ya nguo uani lilale huko. Mimi nilidhani wananiheshimu.

Na dhamira yangu ilikuwa safi! Wavutaji wa klabu tulikuwa na elimu yetu wenyewe. Tulisema jasho linatoa moshi mwilini, kwa hiyo mtu anayekimbia anavuta salama. Tukimaliza mbio tulijibanza nyuma ya pikapu inayobeba spika, tukawasha, tukaita kitendo hicho kupoza mapafu. Baada ya hapo kila mmoja alikunywa maziwa mgando, kwa sababu maziwa yanasafisha kifua, na hilo halikuwa na mjadala. Nilijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena kila wiki, tena mbele za watu.

Kisha walikuja wageni kutoka Temeke.

Klabu zetu hutembeleana. Mwenyeji anapika supu na chapati, anachagua njia, na njia ndiyo inayobeba fahari yake. Sisi tuliwachagulia ya kuelekea Kinyerezi, kwa makusudi, maana kule kuna kilima kinachomnyoosha mgeni. Tulitoka vizuri. Nilikuwa pembeni ya safu, kifua mbele, nikiimbisha wimbo nilioutunga mwenyewe.

"Nani kalala?"

"Jirani!"

"Nani kaamka?"

"Ni sisi!"

"Nani kachoka?"

"Si sisi!"

Wauza chapati walisimama kutuangalia. Watu wa Temeke walikuwa wanaitikia mpaka mabati ya vibanda yanalia. Tukafika chini ya kilima, nikaongeza sauti, kwa kuwa mwimbishaji wa kweli hujulikana mlimani. Katikati ya kilima nikavuta pumzi ili nipaze, na pumzi haikuja. Kilichokuja ni kikohozi, tena si cha kawaida, ni kile cha kuinama na kushika magoti. "Nani kacho—" nikasema, na neno likabaki hapo hapo.

Aliyeudaka wimbo alikuwa mke wangu.

Mke wangu aliingia klabuni baada yangu, kwa ajili ya presha. Alikimbia mstari wa tatu, mdogomdogo, na kitambaa chake cha kichwa. Sijui sauti ile aliitoa wapi. Alinipita nikiwa nimeinama, akapaza:

"Nani kachokaaa?"

Na wageni wote kutoka Temeke, kama vile walikuwa wamefanya mazoezi nyumbani, wakajibu:

"Kiongozi!"

Kilima kizima kilicheka. Watu wangu wa Tabata walicheka kuliko wageni. Nikapanda kile kilima kwa kutembea, peke yangu, wimbo ukinitangulia na kunitaja.

Kwenye supu nilikuwa mpole kama mkwe mpya. Nikajiondoa taratibu, nikaenda nyuma ya pikapu, nikawasha. Ndiyo, niliwasha! Mke wangu akanikuta pale, bakuli la supu mkononi.

"Baba Mapacha, mbona unapoza tena? Si umeshapoa?"

Nilikasirika siku kadhaa. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia Temeke, nikakikasirikia kilima. Sigara sikuikasirikia. Kikohozi kilipozidi nikaenda kwenye zahanati ya mtaani kutafuta dawa ya maji, ile tamu ya chupa. Daktari alikuwa binti wa umri wa kuweza kuwa mwanangu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniwekea kipimo mgongoni, akaniambia nivute pumzi, niachie, nivute, niachie. Alirudia mara kadhaa pale pale chini ya bega.

"Baba unavuta?"

"Navuta kidogo. Ila nakimbia kila Jumapili. Na nakunywa maziwa."

Aliweka kipimo mezani. "Maziwa ya nini, baba?"

"Ya kusafisha kifua."

Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Akasema, "Baba, maziwa yanaenda tumboni. Moshi unaenda kifuani. Hivyo viwili havijawahi kukutana."

"Na mbio?"

"Mbio ni nzuri, usiziache. Lakini hazifuti sigara. Mapafu siyo fulana, hayafuliwi. Ukiacha kuyachafua, yenyewe yanaanza kujitengeneza. Ukiendelea, huko mbele utaanza kuchoka hata kufunga kamba za viatu, na hapo tutakuwa na mazungumzo mengine."

Nikatoka mle ndani nimebeba maneno matupu, dawa tamu sikupewa. Njiani nikawa nayatafuta makosa kwenye yale maneno, na mimi ni mtu wa kuyapata makosa. Sikupata. Mtu mzima mwenye duka, nimekunywa maziwa miaka yote ile kwa ajili ya sehemu ambayo hayafiki!

Nikaacha. Hilo neno linaandikika haraka, lakini kulitenda ilikuwa vita. Nilibadilisha njia ya kwenda dukani ili nisikione kile kibanda na kamba yake. Kijiwe cha kahawa nikakihama, na wenzangu wakasema nimeanza kuringa. Mfukoni niliweka vipande vya tangawizi mbichi, hamu ikinishika natafuna mpaka macho yanatoa machozi. Wateja niliwajibu vibaya. Mmoja aliulizia misumari nikamwambia kama ana macho aitazame, naye akaenda kununua kwa jirani. Usingizi ulinikimbia, mikono ilikosa kazi. Usiniulize nilikuwa nataka nini. Nilikuwa nataka sigara.

Na nilianguka. Tulikwenda msibani kwa ndugu wa mke wangu, Chanika, wanaume tumekaa nje kwenye mikeka, hadithi zinazunguka na pakiti inazunguka. Mkono wangu ukapokea kabla sijaushauri. Kesho yake nikapita njia ya zamani, kamba ikanisalimia. Nikarudi nyumbani nimeshanawa uso, nimeshatafuna tangawizi, nimejiweka sawa. Mke wangu alikuwa jikoni anachambua mchele. Alianza tu kuimba, taratibu, macho yake kwenye ungo:

"Nani kachoka?"

Wallahi, mwanamke yule anajua pa kuchoma! Nilitoka uani, nikakaa chini ya koti langu lililoning'inia pale kwenye kamba, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lilikuwa linalala nje. Niliumia. Nikajiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kesho yake nikarudi njia ndefu.

Kumbuka kwamba Jumapili zote hizo mwimbishaji alikuwa yeye. Ndivyo sheria ilivyo. Mimi nilikimbia mstari wa nyuma kabisa nikiitikia, naye mbele anatunga. Alitunga wimbo wa mzee fulani anayetoa moshi kama treni bila kufika stesheni. Watu waliupenda sana. Nami niliitikia kwa sauti, kwa kuwa asiyeitikia anaonekana ndiye mwenyewe.

Kisha vitu vikaanza kurudi, kimoja kimoja, bila hodi. Siku moja nikaingia dukani nikasimama, kwa sababu palikuwa pananuka. Rangi ya mafuta, mbao, saruji. Duka langu mwenyewe, na sikuwahi kulinusa! Chumvi nikaiona kwenye mboga, nikaacha kuongeza. Asubuhi niliamka bila kile kikohozi kilichokuwa kikiamsha nyumba nzima kabla ya saa ya kengele. Jioni moja nikarudi nyumbani, binti mmoja akapokea koti mlangoni, akalinusa, akamtazama mwenzake, wakalitundika sebuleni. Niliingia bafuni nikajifungia, nikacheka peke yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikaanza kwenda kilimani mwenyewe, katikati ya wiki, kabla ya kufungua duka. Nilipanda nikiimba kwa sauti ya chini, malori ya mchanga yakinipita, makondakta wa daladala wakinipungia mkono wakidhani mimi ni mgonjwa. Mwanzoni niliishia pale pale nilipoinama. Baadaye nikapita pale. Nilipofika juu nikiimba kwa mara ya kwanza, sikuwa na wa kuniitikia, nikajiitikia mwenyewe.

Temeke wakarudi. Tukawapa njia ile ile, wao wenyewe waliiomba, wachokozi wale. Mke wangu alikuwa pembeni ya safu, mimi mstari wa tatu, mahali alipokuwa yeye siku ile. Alianza vizuri, kama kawaida yake. Kilima kilipoanza akaongeza sauti, kwa sababu naye amejua kwamba mwimbishaji wa kweli hujulikana mlimani. Katikati nikasikia sauti yake inapungua mwishoni mwa mistari. Wapo wanaosema aliniachia. Nilimuuliza jambo hilo, akaninunia siku nzima, kwa hiyo na wao wakamuulize wakitaka kujua moto.

"Nani kaamka?" akapaza, na tukaitikia. Akafungua mdomo kwa mstari unaofuata, na pumzi ikamkatalia.

Nikaudaka.

Nilikuwa nimeusubiri mstari ule kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeutafuna pamoja na tangawizi. Nikatoka mstarini, nikampita, nikajaza kifua, na hewa ikaingia yote, ikashuka mpaka chini, haikukwaruza popote. Nikapaza:

"Nani kachokaaa?"

Nilijua Temeke watajibu nini. Walilikumbuka jibu lao, niliona vinywa vinafunguka. Lakini kilima kilikuwa kimeshawanyoosha, na sauti hazikutoka. Nyuma yangu, kutoka kwa mtu aliyeshika magoti na kitambaa cha kichwa kimelegea, ndiko lilikotoka jibu, pumzi yake yote ya mwisho ikiwa ndani yake:

"Fegi!"

Safu ikacheka, kisha ikalidaka. Nikauliza tena, Tabata wote wakajibu fegi. Nikauliza tena, Temeke wakajibu, hata wale wenzangu wa nyuma ya pikapu, wakitazama chini. Nilifika juu ya kilima nikiimba. Sikusimama. Nikageuka nikarudi chini mpaka alipokuwa mke wangu, nikamshika mkono, nikapanda naye tena mara ya pili, nikiuliza swali lile lile, na pumzi ilikuwa bado ipo.