Mke wangu aliifumua riwaya yangu ya upelelezi ili nipunguze tumbo

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mke wangu amekaa pembeni anasoma kila mstari ninaoandika, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi; kwetu ni Bukavu, Congo. Nina miaka arobaini na minne.

Starehe yangu ni moja tu: riwaya za upelelezi za Kifaransa. Kwetu grandes vacances, likizo ndefu ya shule, zikifika, mtu anatafuta kivuli na roman policier yake. Huku Malawi miezi hiyo ni ya baridi, lakini mazoea hayajui hali ya hewa. Navaa sweta, naweka miguu juu ya kigoda, dunia inisubiri.

Tatizo likawa hapo kwenye kukaa. Mchana nimekaa na cherehani, jioni nimekaa na kitabu. Tumbo likawa linafika mezani kabla ya mikono.

Mwezi wa sita nesi akanipima presha. Akapima tena. Akaniambia nitembee kila siku kisha nirudi baada ya miezi miwili, na kama haijashuka naanza vidonge.

Mimi nilicheka. Mama Neema, mke wangu, hakucheka.

Baba yangu alikuwa fundi pia. Presha ilimwangusha akiwa kwenye cherehani, hakuinuka tena, na alikuwa na miaka arobaini na mitano.

Wiki hiyohiyo jirani yetu akapata safari ya kuhamishiwa Canada. Mnajua desturi ya hapa, anayeondoka anagawa vitu. Sisi tulipata katoni ya vitabu, na juu kabisa riwaya nene: mwoka mikate ameuawa dukani kwake, na wateja wote sita wana sababu ya kumchukia. Nilimeza mate.

Kesho yake nikakuta jalada tupu. Mke wangu alikuwa ameichana riwaya kwa wembe, akaishona upya vipande saba kwa uzi wangu mwekundu, na akaondoka navyo!

"Kila kipande iko kwa muntu yake," akaniambia. "Utatembea, utapewa, utasoma. Kabaza hapana." Yaani hata zile baiskeli za abiria marufuku.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikavaa raba, maana mwoka mikate alikuwa hajazikwa na mimi sijui lolote.

Kipande cha kwanza kilikuwa kwa mama mmoja karibu na kisima. Nilifika nahema hadi akanipa kiti. Cha pili kanisani, cha tatu ng'ambo ya kambi. Kila kimoja mbali kuliko kilichotangulia, na kila nikimaliza nilitakiwa nikirudishe kwa miguu ndipo nielekezwe kingine.

Cha nne kilikuwa kwa Papa Bahati, kinyozi wa kule barabarani. Nikajidai mjanja, nikapanda kabaza, nikashuka karibu na kwake. Alikuwa ameniona.

"Baba Neema, njo nini hii? Rudia kwako, ukuye na miguu, njo nitakupa."

Wateja wake wote wakacheka. Nikarudi. Nikaja tena. Wakuu, siku hiyo nilitembea mara mbili zaidi ya siku nyingine yoyote.

Kufikia kipande cha sita suruali zangu nilishazipunguza kiuno mara mbili. Cha saba, chenye muuaji, kilikuwa Lilongwe, Area 36, kwa Amayi Chisomo, fundi Mmalawi anayetuuziaga vitambaa. Nikachukua kibali cha kutoka kambini, nikapanda minibasi hadi mjini, kutoka hapo nikatembea.

Amayi Chisomo akanipokea vizuri. Nikaulizia karatasi za mke wangu. Akatabasamu, akanionyesha msumari ukutani.

Kurasa zangu zimegeuka kola! Mikono! Mifuko!

Mafundi tunapeana karatasi za kukatia patron, yaani vielelezo vya nguo, ni zawadi ya kawaida kabisa. Yeye Kifaransa hasomi, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, sare zimemjaa, karatasi zimemwishia. Akakata.

"Pepani, pepani," akawa anaomba radhi, mkono mdomoni. Ningemlaumu vipi? Mimi mwenyewe nimewahi kukatia kalenda ya kanisa.

Tukapanga vipande juu ya meza. Nikasoma kola, nikasoma bega, mpelelezi amewakusanya wote sita dukani, anainua kidole... na pale kwenye jina pamekatwa kwapa.

Nikarudi Dzaleka bila muuaji. Nikamlalamikia mke wangu, naye akasema kwa utulivu, "Mi nilishaisoma yote mbele ya kuichana. Twende kwanza kwa nesi."

Nesi akapima. Akapima tena. Safari hii akacheka yeye: presha imeshuka, vidonge hakuna, niendelee kutembea tu.

Tulipotoka nje nikamgeukia mke wangu nidai jina la muuaji. Nikakuta analia.

"Papa yako alianguka na makumi ine na tano. We uko na makumi ine na ine. Kila siku ukichelewa kuamuka, mi nilikuwa nakugusa nione kama unapumua. Sikutaka kubakia huku peke yangu na batoto."

Miezi miwili nilidhani ananifanyia utani. Tulitembea hadi nyumbani nimemshika mkono, na muuaji nilimkumbuka tu tulipofika mlangoni, naye akaninong'oneza jina.

Nilichojifunza: anayekusumbua utembee huenda ndiye anayeogopa zaidi kukupoteza. Wenye presha, wenye vitambi, wapenzi wa riwaya, hebu semeni hapa nyie wenzangu mnasukumwa na nani.

Na msiniulize kwenye comments nani alimuua mwoka mikate. Jina liko kwangu, Dzaleka. Shukia barabara kuu, uje kwa miguu. Papa Bahati anaangalia.