Nilivyoiwekea planer yetu magurudumu yanayojificha, baada ya shemeji kuumia

Wakuu, salamu kutoka Khwisero. Nitaandika mambo yalivyokuwa, hata sehemu zinazoniaibisha, kwa hivyo vumilieni hadi mwisho.

Mimi ni fundi wa mbao. Nafanya kazi na shemeji yangu Ashioya, kaka ya mke wangu, kwa kibanda cha mabati karibu na soko. Vitanda, milango, viti vya kanisa.

Tuna planer moja ya zamani, mashine ya kuranda mbao, chuma tupu. Hatujawahi kuipima, lakini wanaume wanne wakiinyanyua wanatoka jasho.

Shida ni kwamba kibanda ni kifupi. Ukiingiza mbao ya futi kumi na nne, inagonga ukuta kabla haijaisha kupita. So kila asubuhi tunatoanga mashine nje, na mvua ya mchana ikikaribia (mnaijua mvua ya huku) tunairudisha ndani.

Tulikuwa tunatumia vipande vya bomba. Unaviweka chini ya mashine, unasukuma, bomba likibaki nyuma unalikimbiza mbele.

Siku moja wingu lilikuja haraka. Nikamwambia Ashioya asukume kabla sijaweka bomba vizuri. Ni mimi niliyesema, nataka hilo lieleweke. Mashine ikateleza upande, kona yake ikashukia mguu wake. Vidole viwili vikavunjika.

Akakaa nyumbani wiki nyingi. Jumapili nilikuwa naenda kumwona na mke wangu, Awinja. Tunapewa chai, tunaongea habari za mahindi, hakuna anayetaja mashine.

Halafu siku moja akaitaja mwenyewe, akiwa anaangalia mguu wake.

"Kazi nitarudi. Lakini ile mashine sitaisukuma tena."

Awinja alitembea mbele yangu njia yote ya kurudi nyumbani. Afadhali angenigombeza.

Hapo ndipo nilianza kutafuta dawa ya ile mashine.

Kwanza nilinunua magurudumu manne yenye brake, nikayafunga chini yake. Ilisukumika vizuri mno, nikafurahi nusu siku. Nikawasha, nikaingiza mbao. Mashine ikaanza kusogea yenyewe polepole, na brake zote zimefungwa. Mbao ikatoka na mawimbi. Nikazima, nikayafungua yote.

Sasa swali likakataa kunitoka kichwani. Nitapataje kitu chenye magurudumu wakati wa kuhama, na kisicho na magurudumu wakati wa kazi? Nilikuwa nalifikiria hata nikiwa nakula.

Jibu nililiona Mayoni, nikiwa nimepeleka kitanda kwa mteja.

Kando ya barabara kulikuwa na trela ya miwa, imefunguliwa kutoka kwa tractor. Tairi zake zipo, lakini pua imekalia mguu wa chuma. Safari ikianza, ule mguu unakunjwa juu. Nilisimama nikiuangalia mpaka dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwomba aukunje nione. Tractor ilikuwa hapo hapo, akaifunga kwa trela, akaukunja na kuushusha mara mbili, bila kuniuliza kwa nini. Mungu ambariki.

Mimi nikageuza lile wazo. Miguu ikae chini siku zote, magurudumu ndiyo yawe yanashuka.

Iko hivi. Mashine imekalia fremu ya mbao ngumu yenye miguu minne mifupi. Kila upande kuna ubao mnene wa futi mbili, umefungwa kwa fremu na bawaba. Chini ya ubao, karibu na bawaba, kuna magurudumu mawili. Ncha ya nje ya ubao imeinuka kidogo hewani.

Ukikanyaga hiyo ncha, ubao unafanya kazi kama mtaimbo. Magurudumu yanabana sakafu, upande wa bawaba unainuka, na mashine inainuka nao. Kidogo tu, unene wa kidole. Hapo kibao kinachoning'inia kwenye fremu, juu ya ubao, kinaanguka kwa nafasi iliyopatikana, kinauzuia usirudi. Kushusha, unakanyaga tena, unavuta kibao kwa kamba, unaachilia mguu polepole.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilitumia bawaba za mlango na skrubu. Upande mmoja uliinuka vizuri, halafu skrubu zikang'oka zote na mashine ikadondoka. Kishindo kilimleta jirani wa butchery mbio. Hakuna aliyeumia.

Nikaenda kwa fundi wa welding, akanitengenezea bawaba nzito, nikazifunga na bolt zinazopita mbao upande hadi upande. Hizo zimeshika.

Ashioya alirudi Jumatatu moja, anachechemea kidogo. Alisimama mlangoni, hakukaribia. Nikakanyaga upande wa kwanza, kibao kikaanguka, tak. Upande wa pili, tak. Nikaisukuma mashine peke yangu mpaka nje.

Hakusifu. Alikuja akapiga magoti, akachungulia chini muda mrefu. Halafu akaniuliza, kibao kikichomoka katikati ya safari itakuwaje?

Majuma yote hayo sikuwahi kujiuliza hilo.

Akasema tuweke pini. Tukatoboa tundu kila upande, tukapitisha msumari mnene wa kuzuia kibao kisitoke. Akatikisa mashine kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Ikatulia, tukaishusha tena kwenye miguu yake.

"Toka hapo," akaniambia. "Nikanyage mimi."

Akakanyaga, akafunga pini, akairudisha ndani mwenyewe. Mimi nilibaki nje kando ya tuta la maranda.

Nilichojifunza: magurudumu ni ya kuhama, miguu ni ya kazi, usichanganye. Na kingine kikubwa zaidi. Nilijifungia na michoro yangu kwa sababu ya aibu, na aliyeumia ndiye aliyejua mahali hatari ilipo. Zile Jumapili za chai ningeenda na karatasi na kalamu.

Sakafu yetu ina mteremko kidogo kuelekea mlangoni, na mashine ikiwa juu ya magurudumu inataka kukimbia. Aliyewahi kutatua hilo atuambie alifanyaje. Na ukiona kosa kwa design yangu, liseme wazi. Ashioya pia anasoma comments.