Jicho la Kuku Lenye Tundu

Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, nilikuwa nakusanya robo rupia za fedha, za enzi za Mjerumani. Kwa udogo wake tuliziita jicho la kuku. Jirani yangu akaniletea moja yenye tundu, uzi wake umegandamana na udongo.

"Umeitoa wapi, bwana?"

"Kaburini, mkononi mwa mpwa wangu; alizikwa ameivaa. Sisi tumehama, yeye ataendea duka gani?" Akacheka.

Nilimrudisha Ntobeye, kijiji tulichohama, tukaifukia kaburini mle, nikasali. Nyumbani nikamwaga mezani kopo langu la sarafu hizo. Tano zilikuwa na tundu, na mimi, katekista, sikuwahi kuuliza zilivaliwa na nani. Namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake, lakini mikono hii naionea kinyaa mpaka leo.