Mgongo Uliokataa Kuchuchumaa

Juzi kwenye kizuizi cha Isiolo, abiria wote wa lori la Garbatulla tuliamriwa kuchuchumaa, mikono kichwani, kama ilivyo kawaida tangu vita hivi vya shifta, waasi wa huku kaskazini, vianze. Mzee mmoja Mborana alibaki wima kama nguzo ya simu. Askari akakoki bunduki.

“Wewe, hauna masikio?”

“Masikio iko, afande. Ni mgongo imekataa. Daktari wa Nairobi alitoa mfupa kwa nyonga, akaunganisha nayo mgongo hapa chini. Haikunjiki tena.”

Akainua shati. Askari akaligusa kovu kwa kidole, na sauti yake ikashuka.

“Na maumivu iliisha? Mimi hizi lori zimeniua kiuno.”

“Ya mgongo ilipungua. Sasa inauma nyonga, pale walitoa mfupa.”

“Basi wacha nikae na yangu. Simama tu, mzee.”

Sisi wenye migongo mizima tulibaki chini hadi mashauriano yao yakaisha, miguu imekufa ganzi. Sasa namuulizia daktari huyo kila mahali. Nyonga aiharibu akitaka. Isiolo nzima, mgonjwa wake ndiye mtu pekee niliyemwona akisimama wima mbele ya bunduki.